Jina la Maradhi: Vipimo vya Kibiokemia na Utambuzi wa Bakteria wa Kuku katika Visiwa vya Lamu

Kiswahili hakina uhaba wa maneno kinapomtaja kuku. Dume changa ambalo halijapevuka huitwa pora. Likikomaa huwa jogoo, au jimbi kwa wasemaji wengi wa pwani ya kaskazini. Jike ambaye hajaanza kutaga ni tembe, na akishataga na kuangua huwa koo. Mwenye manyoya yaliyosimama ni kidimu, mwenye shingo tupu ni kishingo, na yule mrefu wa miguu na shingo, ambaye madume yake hupiganishwa, ni kuchi. Kuchi hufugwa Lamu tangu zamani, na wataalamu wa nasaba wanaochunguza kuku wa kienyeji wa Kenya na Tanzania hawakosi kumtaja. Ukwasi huo wa msamiati haushangazi. Katika magofu ya Shanga, mji wa kale ulioko kisiwani Pate na ambao ulichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, mifupa ya kuku ilipatikana pamoja na ya samaki na ya wanyama wa kufugwa. Kuku na watu wa visiwa hivi wamekaa ua mmoja kwa karne nyingi.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, hufupika ghafla inapofika kwenye maradhi. Kuku wanapokufa wengi kwa pamoja, sababu hutajwa kwa neno moja: kideri. Wakihara, ni kideri. Wakisinzia na kushusha mabawa, ni kideri. Wakikutwa wamelala chini ya dari alfajiri bila dalili yoyote jana yake, ni kideri pia. Makala haya yanaeleza namna maabara inavyolivunja neno hilo moja katika majina kadhaa, hasa kwa kutumia vipimo vya kibiokemia vinavyowatambua bakteria. Aidha, yanaonyesha kwa nini kazi hiyo, ambayo kwa juu juu ni ya watu wa sayansi, inamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Neno moja, maradhi mengi

Kisayansi, kideri (mdondo kwa Watanzania wengi) ni ugonjwa wa virusi. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na jina la mji huo limeuganda hadi leo. Nchini Kenya uliripotiwa mwaka 1935, huko Mombasa. Kuku huhema kwa taabu, hupinda shingo, hunya choo cha kijani, na kundi zima huweza kufagiliwa katika siku chache.

Choo cha kijani, hata hivyo, si mali ya kideri peke yake. Homa ya matumbo ya kuku, ambayo husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum, huleta choo cha kijani kinachoelekea manjano, upanga uliopauka na kusinzia. Kipindupindu cha kuku, kinachosababishwa na Pasteurella multocida, huweza kuua ghafla, na wale wanaochelewa kufa hupata choo cha kijani na ndevu zilizovimba. Vifaranga wa siku chache wanaokufa huku nyuma kwao kumegandamana choo cheupe huenda wana ndugu wa karibu wa bakteria wa homa ya matumbo, aitwaye Salmonella Pullorum. Kisha yuko Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo ambaye akipata upenyo huingia katika damu na kuviandama viungo vya ndani. Mfugaji anayesimama mlangoni mwa banda hana namna ya kuwatenganisha hawa wote kwa macho. Hata daktari wa mifugo hana, akiamua kusema kweli.

Tofauti ya jina huzaa tofauti ya tendo. Kideri hakitibiki kwa kiuavijasumu cha aina yoyote. Dawa yake ni chanjo inayotolewa kabla ugonjwa haujafika. Kwa visiwa vyenye joto na umeme wa kusuasua, chanjo iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko zile za awali na ambayo hutengenezwa pia Tanzania, ni neema ya kweli. Homa ya matumbo ni kisa kingine. Kiuavijasumu huweza kupunguza vifo, lakini kuku anayepona hubaki na bakteria mwilini mwake, naye huweza kuwapitisha ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Koo aliyepona, ambaye mwenye nyumba humshukuru Mungu kwa kumwacha, ndiye atakayeangua msiba wa mwaka ujao. Hapo shauri la daktari ni gumu kulisikia: waliosalia wasiachwe kuendeleza kizazi. Kipindupindu cha kuku nacho hutaka uangalizi wa wabebaji wasioonyesha ugonjwa. Mwaka 2008 Mbuthia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuku na bata wanaojitafutia chakula huweza kubeba Pasteurella multocida huku wakiwa wazima kabisa kwa kuwatazama. Bakteria huyo hukaa hata vinywani mwa paka, na kila aliyewahi kutembea katika vichochoro vya Lamu anajua idadi ya paka wake. Si kila aina inayokaa kinywani mwa paka humdhuru kuku, lakini kuku aliyeng'atwa akaponyoka hana usalama.

Ndiyo kusema kwamba mama anayefuga kuku kumi na watano huko Siyu au Kizingitini, ambao ndio akiba yake ya dharura, akilikosea jina hulipa mara mbili. Hununua unga wa tetrasaiklini kwa ajili ya virusi visivyousikia. Au huchanja kuku wake dhidi ya kideri, kisha hufa kwa homa ya matumbo, na kuanzia siku hiyo chanjo hupakwa matope mtaa mzima. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu humfuata hata jirani ambaye hakupoteza kuku.

Safari ya sampuli

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, huduma za mifugo za Lamu zimekuwa chini ya kaunti. Maabara kubwa za uchunguzi, hata hivyo, ziko mbali. Ya kanda ya Pwani iko Mariakani, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mokowe kwa njia ya Witu, Garsen na Malindi. Maabara kuu ya taifa iko Kabete, kando ya Nairobi. Sampuli itokayo Faza hupanda mashua kwanza, na safari ya mashua katika mikondo ya Pate na Manda hutegemea maji kujaa na kupwa. Kisha huvuka hadi bara na kuanza safari ya gari. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari ya njia hiyo yalisafiri kwa miaka kadhaa katika msafara wenye ulinzi wa polisi, na saa za kuondoka hazikuwa za kuchagua. Barabara imetiwa lami katika miaka ya karibuni, lakini joto halijapungua.

Joto ndilo adui. Kuku akifa asubuhi, bakteria wa utumboni huanza kutoka katika makao yao na kuenea mwilini, na jioni yake ini limejaa wageni. Atakayeliotesha ini hilo atawapata, na huenda akawashtaki kwa kosa wasilotenda. Kwa hiyo sampuli bora ni kuku mgonjwa aliye hai, au viungo vilivyotolewa mara tu baada ya kifo na kuwekwa katika chupa safi ndani ya sanduku la barafu, bila kugandishwa. Yapo maarifa mengine ya zamani ambayo yanafaa sana mahali kama Lamu: kupeleka mfupa mrefu wa paja, mzima, bila kuuvunja. Uboho uliomo ndani huhifadhiwa na kuta za mfupa, nao huchelewa kuvamiwa na bakteria wa uozo. Kuku anayeonekana ameharibika kupita kiasi huweza kuwa na ushahidi safi ndani ya mfupa wake.

Maelezo yanayofuatana na sampuli ni nusu ya kazi. Ni kuku wangapi waliokuwapo, wangapi wamekufa, wa umri gani, wamechanjwa lini, na zaidi ya yote, wamepewa dawa gani? Swali hilo la mwisho mara nyingi hujibiwa kwa haya, kwa kuwa mfugaji huhisi anashtakiwa. Litaonekana umuhimu wake mbele.

Sahani na kiatamizi

Maabarani, kipande cha ini, wengu au uboho hupakwa juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa agari ndani ya sahani bapa, iliyopewa jina la Mjerumani Julius Richard Petri, aliyeieleza mwaka 1887. Agari yenyewe ilipendekezwa na Fanny Hesse katika mwanzo wa miaka ya 1880, wakati mumewe alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Alikuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula, akaona kwamba haiyeyuki kwa joto kama jelatini. Agari hutokana na mwani mwekundu. Msomaji wa pwani asiharakishe kudhani kuwa ndio mwani ule unaolimwa Zanzibar na Kibuyuni: ule hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine, ingawa nayo hugandisha.

Sahani huwekwa katika kiatamizi chenye nyuzijoto 37, usiku mzima. Neno kiatamizi linatokana na kuatamia, na limekaa mahali pake hasa, maana joto hilo halipishani sana na lile la mayai yaliyo chini ya koo. Bakteria wa kuku huoteshwa katika joto linaloangulia kuku.

Kwa kawaida sahani huwa za aina mbili au zaidi. Ya kwanza ina damu ya kondoo au ya mnyama mwingine, na karibu kila bakteria huota humo. Ya pili ni ya MacConkey, iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Ina chumvi za nyongo zinazowazuia bakteria wengi wasiozoea utumbo, ina sukari ya maziwa iitwayo laktosi, na ina kielekezi, yaani rangi inayobadilika asidi inapotokea. Escherichia coli huichachusha laktosi, hutoa asidi, na makundi yake huwa ya waridi. Salmonella haigusi laktosi, hivyo makundi yake hubaki yamepauka. Pasteurella multocida haoti kabisa katika sahani hiyo, bali huota katika ya damu. Hivyo asubuhi ya kwanza tu, kabla ya kipimo chochote kingine, mtaalamu ameshapata fununu tatu.

Kisha huchukua chembe za kundi moja, hupaka rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, na kuzitazama kwa hadubini. Bakteria wote watatu waliotajwa ni hasi kwa Gram, yaani huonekana wekundu. Pasteurella iliyotoka katika damu ya kuku na kupakwa rangi nyingine, kama ya Giemsa, huonyesha madoa mawili, moja kila ncha. Zaidi ya hapo hadubini haisaidii sana. Fimbo ndogo nyekundu hufanana na fimbo ndogo nyekundu.

Maswali ya neli

Hapo ndipo vipimo vya kibiokemia vinapoanza. Bakteria hawatofautiani sana kwa sura. Hutofautiana kwa vimeng'enya, yaani kwa vitu wanavyoweza kuvila, kuvivunja na kuvigeuza. Kila neli ya majaribio ni swali moja lililoandikwa kwa kemia. Je, unaichachusha sukari hii? Je, unatoa gesi? Je, unaweza kuivunja urea? Bakteria hujibu kwa rangi, kwa povu au kwa kunyamaza.

Maswali mengine hujibiwa papo hapo. Tone la haidrojeni peroksaidi huwekwa juu ya chembe za bakteria. Wenye kimeng'enya cha katalasi hutoa mapovu. Pasteurella multocida hutoa. Bakteria wa mafua ya kuku, aitwaye Avibacterium paragallinarum, hatoi. Karatasi yenye kitendanishi cha oksidasi hugeuka zambarau katika sekunde chache ikipakwa Pasteurella, lakini haibadiliki kwa Salmonella wala kwa Escherichia coli. Kwa kipimo hiki kimoja familia mbili zimekwisha kutenganishwa.

Mengine hutaka usiku mzima. La indoli huuliza kama bakteria anaweza kuivunja asidi amino iitwayo triptofani. Kitendanishi cha Kovács kikidondoshwa juu, jibu la ndiyo ni duara jekundu linaloelea. Escherichia coli na Pasteurella multocida hujibu ndiyo, Salmonella hujibu hapana. La urea huwakataa bakteria kama Proteus, ambao huigeuza neli nzima kuwa ya waridi na ambao mara nyingi hujipenyeza katika sahani na kujifanya Salmonella.

Neli inayostahili kukaliwa zaidi ni ile ya sukari tatu na chuma. Imegandishwa kwa mteremko, hivyo ina uso ulioinama juu na kitako kilichojaa chini. Ndani yake mna glukosi kidogo, laktosi na sukrosi mara kumi ya glukosi, mchanganyiko wa chuma na salfa, na kielekezi ambacho ni chekundu pasipo na asidi na cha manjano penye asidi. Bakteria huchomwa kwa waya hadi chini, kisha hupakwa juu ya mteremko. Escherichia coli, anayeila laktosi pia, huifanya neli nzima kuwa ya manjano na mara nyingi huipasua kwa gesi. Salmonella hula glukosi peke yake. Katika saa za mwanzo neli yake nayo huwa ya manjano yote. Lakini glukosi ni kidogo na huisha upesi. Kule juu penye hewa bakteria hugeukia protini, hutoa amonia, na mteremko hurudi kuwa mwekundu, huku kitako kikibaki cha manjano. Kwa sababu hiyo neli hii husomwa kati ya saa 18 na 24. Anayeisoma mapema humwita Salmonella kwa jina la mwenzake.

Chuma na salfa vimewekwa humo kwa kazi nyingine. Bakteria akitoa haidrojeni salfaidi, gesi ileile inayonuka katika yai viza, hukutana na chuma na kuacha weusi. Salmonella nyingi huisawiji neli vibaya sana. Salmonella Gallinarum hutoa weusi kwa uvivu na uchache, na Salmonella Pullorum huweza hata asitoe.

Linalowafichua hawa wawili zaidi ya ndugu zao ni ukosefu wa mwendo. Karibu Salmonella wote wana mijeledi ya kuogelea. Wakichomwa katika agari laini, hutawanyika kama wingu kutoka katika mstari wa sindano. Gallinarum na Pullorum hawana mijeledi; hubaki palepale katika mstari, na agari pembeni hubaki angavu. Salmonella aliyetoka kwa kuku na asiyeogelea huwa ameshajitambulisha nusu.

Nusu ya pili ni kuwatenganisha hawa ndugu. Zamani walihesabiwa kuwa spishi mbili. Siku hizi huwekwa katika aina moja yenye matawi mawili. Damu ya kinga inayotumika kuwagandanisha Salmonella juu ya kioo haiwezi kuwatofautisha, kwa kuwa wote wana alama zilezile za uso. Biokemia ndiyo iliyobaki. Gallinarum huichachusha dulsitoli, Pullorum haichachushi. Gallinarum hula glukosi bila kutoa gesi. Pullorum kwa kawaida hutoa gesi kidogo, na gesi hiyo hunaswa katika kineli kidogo kilichopinduliwa ndani ya neli kubwa. Ornithini, ambayo ni asidi amino, huvunjwa na Pullorum na kuachwa na Gallinarum. Ni maswali matatu, na katika yote matatu ndugu hao hujibu kinyume.

Chukuliwe mfano wa kundi la kuku wakubwa wanaokufa mmoja mmoja kwa wiki mbili, wenye ini lililovimba na kung'aa kama shaba. Uboho wao umeotesha makundi yaliyopauka katika sahani ya MacConkey. Oksidasi hapana, indoli hapana, urea hapana, mwendo hapana. Mteremko mwekundu, kitako cha manjano, weusi hafifu. Dulsitoli ndiyo, gesi hapana, ornithini hapana. Hakuna jibu lolote kati ya haya linaloweza kumtaja mshtakiwa likiwa peke yake. Yakiwekwa pamoja, hakuna mwingine wa kumtaja isipokuwa Salmonella Gallinarum.

Mwanafunzi wa isimu ataitambua njia hii mara moja. Fonimu hutambuliwa vivyo hivyo, kwa mafungu ya sifa zenye chanya na hasi: ghuna au si ghuna, nazali au si nazali. Sauti haina utambulisho nje ya tofauti zake na sauti nyingine, na bakteria katika neli hana utambulisho nje ya tofauti zake na bakteria wenzake.

Pale jibu linapodanganya

Neli hazisemi uongo, lakini aulizaye vibaya hudanganyika. Katalasi haipimwi kwa chembe zilizochotwa bila uangalifu kutoka sahani ya damu, kwani chembe nyekundu za damu zina katalasi yake na mapovu yatatoka tu. Oksidasi haipakwi kwa waya wenye chuma, maana chuma chenyewe huweza kuigeuza rangi. Hutumika kijiti cha mti au waya wa platinamu. Kundi lililochanganyika la bakteria wawili hutoa majibu ya kiumbe ambaye hayupo duniani, na mtaalamu anayeanza kazi huweza kupoteza wiki nzima akimtafuta kitabuni.

Kumpata bakteria vilevile si sawa na kumpata muuaji. Escherichia coli akipatikana katika ini la kuku aliyekufa tangu jana, huenda ameingia baada ya kifo. Akipatikana katika damu ya kuku aliyechinjwa akiwa mgonjwa, huenda amefuata nyuma ya virusi vilivyokwisha kuufungua mlango. Na sahani ikibaki tupu? Inawezekana ni kideri, na hapo sampuli hupelekwa kwenye vipimo vya virusi. Inawezekana pia kuku alipewa tetrasaiklini siku mbili kabla, na bakteria waliozimwa hawakuota ingawa ndio waliomuua. Hapo ndipo mfugaji aliyeona haya kutaja dawa aliyotumia anapoihukumu sampuli yake mwenyewe.

Vipo vipimo vipya zaidi. Vipo vibanzi vya plastiki vyenye visima 20 vya kemikali kavu, ambavyo majibu yake hugeuzwa kuwa namba ya tarakimu saba. Ipo njia ya kuzidisha vipande vya jeni, ambayo humtambua bakteria kwa saa chache, hata aliyekufa. Kwa maabara yenye fedha, neli zimeanza kuwa za ziada. Lakini bakteria aliyeoteshwa bado hutakiwa pale linapoulizwa swali la dawa ipi itamuua: visahani vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu ya agari iliyopandwa, na upana wa duara lisiloota kitu hupimwa kwa milimita. Mahali ambapo tetrasaiklini hununuliwa dukani kama chumvi, duara hilo aghalabu ndilo jambo la haraka kuliko jina lenyewe.

Jina linaporudi kisiwani

Ripoti ya maabara huandikwa kwa Kiingereza, na jina la bakteria kwa Kilatini. Afisa wa mifugo ndiye anayelitia katika Kiswahili, mara nyingi kwa simu, akiwa amesimama gatini. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilifungua njia kubwa kwa istilahi za sayansi, na maneno kama kimeng'enya yameshika kwa sababu yametoka katika mzizi unaoeleweka. Mtu anayejua kumeng'enya chakula hahitaji maelezo marefu. Chanya na hasi hayana bahati hiyo. Mfugaji akiambiwa kuwa matokeo ya kuku wake ni chanya, ana haki ya kufurahi, kwa vile katika mazungumzo ya kila siku neno hilo huvishwa wema. Maafisa wenye uzoefu huliepuka. Husema ugonjwa umeonekana, au haukuonekana.

Majina ya maradhi yenyewe ni mtihani mkubwa zaidi. Kipindupindu cha kuku hakina uhusiano na kipindupindu cha watu. Jina limetokana na mazoea ya Ulaya ya karne ya 19, wakati Louis Pasteur alipouchunguza ugonjwa huo mwaka 1879 na 1880, nalo limetafsiriwa jinsi lilivyo. Katika pwani ambayo imewahi kuzika watu kwa kipindupindu, tafsiri hiyo huweza kumfanya mtu afunge kisima badala ya banda. Homa ya matumbo ya kuku ina hatari hiyohiyo. Homa ya matumbo ya watu husababishwa na Salmonella Typhi, ambaye hukaa kwa binadamu tu. Salmonella Gallinarum hukaa kwa ndege na ni nadra sana kumdhuru mtu. Ndugu zake wengine, kama Salmonella Enteritidis na Salmonella Typhimurium, ndio wanaovuka kutoka kwenye yai na nyama hadi kwa mlaji, na mara nyingi kuku anayewabeba hata haugui. Jina linaloogopesha hutangaza ugonjwa usiomdhuru mtu, na wale wanaomdhuru hawana jina la Kiswahili hata moja.

Wapo wanaopendekeza kuyaacha majina ya Kilatini yaingie yalivyo, kama virusi na bakteria yalivyoingia. Wengine wanaona heri kuunda majina kutokana na kinachoonekana banda likifunguliwa, kama ilivyo kwa kuharisha kweupe kwa vifaranga, ingawa njia hiyo inarudisha tatizo lilelile la choo cha kijani. Mpaka likubalike moja, afisa aliyeko gatini huamua peke yake. Ana karatasi inayosema Salmonella Gallinarum, ana mama wa Faza kwenye simu ambaye kuku wake wanne wamepona na wameanza kutaga tena, naye anatakiwa kutafuta neno litakalomfanya asiyaweke mayai hayo chini ya koo.